Sikio la Tusekile, Macho ya Bibi Enesi

1

Tik.

Sikuwa nimefumbua macho. Alfajiri ya Uyole mwezi wa saba haina haraka. Baridi inakaa chumbani kama mgeni asiyejua kuaga. Gizani nikasikia tena: tik. Mlio mdogo, kama ukucha unaogonga kikombe. Kisanduku cha mtandao kikipoteza mawasiliano, kuna kitu ndani yake kinajifunga, kikiyapata, kinajifungua. Tik, yamepotea. Tik, yamerudi. Nilihesabu mpaka kumi na moja, nikaacha, kwa sababu kuhesabu hakujawahi kutengeneza kitu.

Pembeni yangu Tusekile alikuwa amejikunja kama paka. Yeye mlio huo haumsumbui. Sikio lake lilikuwa kwenye chaji juu ya stuli, na bila sikio lake mwanangu hasikii hata ngurumo.

Niliinuka, nikaenda sebuleni bila kuwasha taa. Kisanduku kilikuwa mahali pake kwenye rafu, kimefunikwa kitambaa chake cha kufuma kama kila kitu chenye heshima kwangu: televisheni ina chake, redio ina chake, migongo ya makochi ina vyake. Chini ya pindo la kitambaa taa iliwaka njano, ikawa kijani, ikarudi njano. Nikapiga namba ya msaada.

"Habari ya asubuhi, Mama Tusekile," ikasema sauti ya Mhudumu. Mhudumu si mtu. Ni mashine iliyofundishwa upole. "Nikusaidie nini?"

"Kilekile cha jana. Na cha juzi."

"Je, umejaribu kukizima na kukiwasha?"

"Mara nne."

"Samahani kwa usumbufu. Tafadhali kizime, subiri sekunde thelathini, kisha ukiwashe."

"Nimekwambia mara nne."

"Nakuelewa, Mama Tusekile."

"Hunielewi. Ungenielewa ungenyamaza."

"Sekunde thelathini zinaanza sasa."

Nikainua pindo la kitambaa, nikabonyeza kitufe cha nyuma, nikasimama gizani miguu ikiganda kwenye sakafu. Taa ikazimika, ikawaka, ikawa kijani safi, kijani ya kunidhihaki.

"Naona mawasiliano yako ni mazuri sana," Mhudumu akasema. "Kuna lingine?"

Kabla sijarudi kitandani nikasikia nyuma yangu: tik.

2

Nilisoma umeme na mitambo masomo ya jioni, miaka miwili kwenye chuo cha kata, Tusekile mgongoni. Mwalimu wetu alikuwa akisema, "Andika kabla hujagusa." Basi niliandika. Daftari lilikaa kando ya kisanduku, na kila tik niliyoisikia nikaiwekea saa yake.

Nilikiweka juu ya kabati, nikakifunika, kikakatika. Nikakisogeza karibu na dirisha, nikakifunika, kikakatika. Nilizima jiko la umeme. Nilihamisha ndoo za maji, kwa sababu mawimbi ya siku hizi ni membamba, yana haraka, lakini yanadeka: maji yanayameza, ukuta unayachosha, bati linayarudisha yalikotoka. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha njia ya mawimbi, moja hadi kumi na mbili. Baba Tusekile akapiga kutoka Chunya kwenye migodi, akaniambia nikipige kofi kidogo, redio ya baba yake ilikuwa inasikia kofi. Nikakipiga kofi. Aibu hiyo sikuiandika.

Usidhani nilitaka kuangalia tamthilia. Sikio la Tusekile ni kipande kidogo kama haragwe, kinakaa nyuma ya sikio alilozaliwa nalo. Chenyewe hakina akili. Kinaokota sauti, kinaipeleka kwenye kisanduku, kisanduku kinaipokeza kwa visanduku vya majirani, kutoka nyumba hadi nyumba, kama watu wanaopokezana ndoo nyumba ikiungua, mpaka kwenye mitambo mikubwa inayosafisha sauti na kuirudisha kabla msemaji hajafunga mdomo. Ndoo moja ikianguka njiani, mtoto anapokea nusu ya neno.

Na mwanangu alikuwa amejifunza nusu. Maji kwake yalikuwa "ma." Uji ulikuwa "u." Mimi nilikuwa "Ma" pia, kwa hiyo akiita sikujua kama ananitaka au ana kiu.

"Maneno anayo," aliniambia mtaalamu wa Mpango uliotuazima sikio kwa majaribio ya siku tisini, mama mmoja mtaratibu anayeitwa Ndimbo, wakati kipimo kilipoahirishwa mara ya pili kwa sababu picha yetu iliganda. "Ila hajaamini kama yanafika mazima. Mtoto wa namna hii anasubiri. Lakini Mama Tusekile, mimi siwezi kusubiri naye. Siku tisini zikiisha lazima niandike. Nahitaji sentensi moja nzima, yake mwenyewe, si ya kuigiza. Isipopatikana, sikio linarudi, linakwenda kwa anayefuata kwenye orodha."

"Na kama tatizo ni mtandao?"

"Fomu yangu haina mahali pa mtandao."

Alitupangia Jumatatu, saa nne asubuhi. Siku ya tisini.

3

Jumamosi ndiyo iliyonipotosha.

Kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, daftari langu halikuwa na alama hata moja. Nilikuwa kwenye kibaraza naanika vitambaa vya sebuleni; nikamwita Tusekile, akageuka. Nikamwita tena, akageuka. Nilimwita mara ishirini bila sababu, kama mtu aliyeokota kitu na anarudia kukitazama, mpaka akanuna. Saa kumi na moja nikaanua vitambaa, nikavitandaza mahali pake. Muda si mrefu, tik.

Usiku ule nilikaa na daftari. Nini hutokea Jumamosi saa nane mpaka saa kumi na moja? Jibu lilikuwa ng'ambo ya ujia, mlango unaotazamana na wangu. Jumamosi saa nane Bibi Enesi anakwenda mazoezi ya kwaya, na saa kumi na moja anarudi.

Bibi Enesi si ndugu yangu, ila Tusekile alizaliwa mikononi mwake, lifti ikiwa mbovu na gari la wagonjwa likiwa limekwama kwenye tope. Alikaa miaka sita bila kuona. Pasaka iliyopita Mpango ulimpa Macho, miwani mizito inayopeleka picha kwenye mitambo kama sikio la mwanangu linavyopeleka sauti. Na picha ni nzito kuliko sauti. Picha ni gunia, sauti ni kifuko cha chumvi; vyote vinapita mlango mmoja.

Jumapili saa moja jioni nikampigia Mhudumu. Taa, kama kawaida yake nikiwa na shahidi, ilikuwa kijani. Tusekile alikuwa chini kwenye mkeka akitunga shanga, sikio lake nyuma ya sikio. Nilimweleza Mhudumu saa za daftari langu, zote.

"Asante kwa taarifa nzuri," akasema. "Nimelinganisha. Kwa uhakika wa asilimia tisini na moja, chanzo ni Macho ya nyumba namba kumi na nne. Ukithibitisha kwa sauti, nitayashusha kwa siku thelathini."

"Kuyashusha maana yake nini? Ataona?"

"Ataona mwanga na kivuli."

"Basi huko ni kuyazima."

"Tunasema kuyashusha."

Niliutazama mlango. Harufu ya ndizi zake ilikuwa inapita chini ya kizingiti. Nikamtazama mwanangu, kichwa kimeinama juu ya shanga, na kesho yake saa nne. Asilimia tisini na moja. Hata shuleni hiyo ni A.

"Unathibitisha, Mama Tusekile? Unaweza kujibu kwa neno lolote la kukubali."

"Zima," nikasema. "Zima tu macho ya Bibi, nimechoka."

"Asante. Imefanyika."

Ushanga mmoja ukaanguka na kubingiria mpaka mguuni kwangu. Niliuokota nikampa Tusekile. Aliupokea bila kuutazama. Alikuwa ananitazama mimi.

4

Saa moja na nusu, nikiwa namkuna mgongo ili asinzie, nikasikia kutoka sebuleni: tik.

Nilifika pale kwa hatua tatu. Taa njano. Kijani. Njano. Sikupiga simu. Nilikinyanyua kisanduku kwa mikono miwili nikiwa sijaamua kama nitakitupa dirishani au nitakibamiza ukutani, na nilipokiinua kitambaa kikateleza, kikaanguka chini.

Taa ikawa kijani, ikatulia.

Nilisubiri. Kijani. Nikaokota kitambaa, nikakirudisha. Mkono ulifanya hivyo wenyewe. Kitu hakikai uchi kwangu. Njano. Nikakiondoa. Kijani. Nikakirudisha. Tik.

Nikaketi sakafuni na kitambaa mapajani.

Kilikuwa ndicho kitambaa cha kwanza alichofuma Bibi Enesi baada ya kupata Macho. Cheupe, ua katikati, ukingo wote na mishipa ya ua vikimetameta. Alikileta kimekunjwa kwenye gazeti. "Chombo kinacholisha sikio la mke mwenzangu kisikae uchi," alisema, akakifunika mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama kwa macho yake mapya. Mke mwenza ndivyo anavyomwita Tusekile. Marehemu babu angemchumbia, anasema, kwa hiyo bora wazoeane. Nyuzi za kumeta hununua kwa kilo, masalia ya kiwanda kinachoshona makoti ya kujipasha joto. Nikauvuta uzi mmoja ukingoni, nikaukwangua kwa ukucha. Rangi ikabanduka. Ndani, mwembamba kama unywele, shaba.

Miaka miwili ya masomo ya jioni. Mawimbi hayapiti wavu wa shaba. Hilo nililiandika kwenye mtihani nikapata alama zote. Kitambaa kikitulia, mawimbi yalichungulia kwa mbele, pale ambapo pindo halikufika. Mlango ukifunguka, upepo ukipita, mtoto akikimbia, pindo linacheza, ndoo inaanguka. Na kila nilipokihamisha kile kisanduku nilihama na kitambaa chake, nikakifunika kwanza ndipo nikakiuliza kinaendeleaje. Jumamosi vitambaa vilikuwa kwenye beseni, kisha kwenye kamba. Bibi Enesi alikuwa kwenye kwaya. Niliona mlango wa jirani, sikuona kamba yangu mwenyewe.

Nikapiga simu.

"Mhudumu, lile la Macho liondoe. Nilikosea. Tatizo ni langu."

"Hongera kwa kupata ufumbuzi. Kuondoa malalamiko kunawezekana muda wowote. Kwa mujibu wa masharti, nyumba iliyolalamika bila sababu nayo hushushwa siku thelathini, ili majirani wasikomoane. Je, unathibitisha?"

"Sikio la mwanangu litashushwa?"

"Vifaa vyote vya nyumba namba kumi na tatu."

"Atasikia?"

"Atasikia kelele na kimya."

Simu ilikuwa mkononi. Kisanduku uchi mbele yangu, kijani kama jani la mgomba baada ya mvua. Chumbani Tusekile alikuwa bado na sikio lake. "Tuse," nikaita, polepole kabisa, karibu sauti ya pumzi tu. Nikasikia kitanda kikigeuka.

"Unathibitisha, Mama Tusekile?"

"Ngoja kwanza."

"Nitasubiri sekunde thelathini."

Nilijiambia: kesho saa nne. Saa tano nitapiga, nitathibitisha, tushushwe hata siku sitini. Kipimo kitakuwa kimeshaandikwa. Bibi Enesi alikaa miaka sita gizani, usiku mmoja na asubuhi yake si kitu. Nilijiambia hivyo, na neno hilo, si kitu, likabaki mdomoni kama mfupa wa samaki. Sekunde zikaisha. Mhudumu akanitakia jioni njema.

Nilikunja kitambaa nikakisukuma chini ya godoro.

5

Saa tatu na nusu asubuhi mlango ukagongwa, lakini chini mno, kama anayegonga hakujua mlango unaanzia wapi.

"Hodi, Mama Tuse."

"Karibu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nishike mkono, mwanangu, kizingiti chako kimehama."

Alikuwa amevaa Macho yake yasiyo na faida, kitenge cha kanisani na koti. Mkono mmoja ulishika bakuli la ndizi zilizofunikwa. Wa pili ulikuwa umefungwa kitambaa chenye maji.

"Bibi, mkono umefanyaje?"

"Sufuria. Zamani nilipokuwa kipofu mzoefu nilijua kila kitu kiko wapi. Haya macho yamenidekeza, nimesahau upofu wangu." Akacheka, akakaa. "Jana jioni naweka chumvi, pu, kiza. Nikasema Enesi, macho yamestaafu kabla yako. Nikawapigia. Wanasema jirani amelalamika, ati nakula mtandao. Jina hawalitaji."

Nilikwenda kumletea maji ya baridi ili nipate pa kuficha uso.

"Nafikiri ni yule kijana wa juu, wa muziki," akaendelea. "Nilimsema mwezi jana kwa kelele zake. Jioni nitapanda nikamuulize, mtu mzima kwa mtu mzima. Lakini leo si siku ya hilo. Leo ni siku ya mke mwenzangu. Yuko wapi? Njoo hapa, mwizi wa mume wangu."

Tusekile akaenda. Alisimama kati ya magoti ya Bibi, akainua kidole, akagusa kioo cha miwani. Asubuhi hiyo yote taa ilikuwa kijani. Alikuwa amegeukia bomba la maji, amegeukia mlio wa kijiko, amesimama dirishani akisikiliza pikipiki mpaka ilipopotea.

"Macho," akasema. Neno zima. Bibi Enesi akapiga kofi pajani kwa mkono ulioungua na kusahau kuumia.

"Umesikia, Mama Tuse? Lote, na mkia wake."

"Macho," Tusekile akarudia. Kisha akageuka, akaninyooshea kidole. "Mama."

Nilisubiri sauti ile siku tisini. Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika kidole kile, nikakikunja ndani ya kiganja changu.

"Nyamaza kidogo, mwanangu," nikasema. "Sasa hivi mtaalamu atapiga."

Bibi Enesi aliinua kichwa. Wasioona husikia mahali sauti inapopinda. Alipapasa mezani kutafuta pa kuweka bakuli, mkono wake ukapita juu ya rafu, ukagusa kisanduku kitupu.

"Kitambaa umekiondoa?"

"Nimekifua, Bibi."

"Jumamosi si ulikifua? Haya. Kisikae uchi sana. Changu mimi sijakifunika bado, nyuzi ziliisha. Nilianza na chako."

Saa nne kamili skrini ikalia. Mtaalamu Ndimbo alitokea bila kuganda, mpaka niliona mvuke wa chai yake.

"Leo mko safi," akasema. "Mama Tusekile, kaa pembeni, usimsaidie. Na yule ni nani?"

"Ni bibi yake," nikasema.

"Shikamoo, Bibi. Nakuomba nawe unyamaze."

"Nimenyamaza," Bibi Enesi akasema, akakaa wima kama yuko kwenye kwaya.

Ndimbo akaleta picha: ng'ombe, jiko, mvua. Tusekile akataja: "Ng'ombe. Jiko. Mvua." Maneno mazima, mojamoja, kama anayetoa shanga mfukoni. Mtaalamu akaandika. Nikaona anaangalia saa.

"Vizuri sana, Tusekile. Sasa picha basi. Nataka unieleze wewe mwenyewe. Jana jioni hapo nyumbani, kulitokea nini?"

Kwenye rafu taa ilikuwa kijani na haikutikisika. Tusekile aliiangalia skrini, akaiangalia miwani ya Bibi Enesi na mkono uliofungwa kitambaa kibichi, kisha akaniangalia mimi, kwa muda mrefu, kama anayeomba ruhusa niliyokwisha kumnyima. Nikataka kutikisa kichwa. Nikakumbuka fomu, orodha, kelele na kimya. Nikakumbuka pia kile kidole kidogo ndani ya kiganja changu, jinsi kilivyokuwa kinasukuma kutoka.

Nikafungua mkono.

"Mama alizima macho ya Bibi," akasema Tusekile.